Kozi huria za mtandaoni katika Mkoa wa Songwe

Kozi huria za mtandaoni ni masomo yanayotolewa kupitia intaneti kwa yeyote anayetaka kujiandikisha, mara nyingi bila ada wala sharti la ufaulu. Katika Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kozi hizo humfikia mtu aliye mbali na vyuo vikuu, lakini kutolipa ada hakumaanishi kutolipa chochote.

Historia

Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuweka masomo yake mtandaoni bure. Coursera na edX zilianzishwa mwaka 2012. Tanzania ilikuwa tayari na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hicho hutoza ada; uhuria wake ni kwamba mwanafunzi husoma bila kuhama kwake, na shahada yake inatambuliwa. Kozi nyingi za kimataifa ni kinyume: masomo ni bure, cheti hulipiwa.

Hali ya Songwe

Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Mji wake mkubwa, Tunduma, uko mpakani na Zambia, kwenye barabara kuu na reli ya TAZARA. Biashara, forodha na usafirishaji ndiyo shughuli zake kuu. Kwa mtu wa kazi hizo, somo linalofunguliwa usiku kwenye simu hufaa kuliko darasa la mchana.

Changamoto

Ya kwanza ni bando, kwani masomo ya video hulila haraka. Ya pili ni lugha: kozi nyingi ni za Kiingereza, ilhali shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Aliyeishia darasa la saba hukwama kabla ya kufikia somo lenyewe.

Ya tatu ni kukata tamaa. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu kozi za MIT na Harvard ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua masomo kamwe. Katika mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3. Miongoni mwa waliolipia cheti, asilimia 46.

Njia ya kati

Mwaka 2016 VETA na Airtel zilianzisha VSOMO: nadharia ya ufundi ilisomwa kwenye simu, mazoezi yalifanyika katika kituo cha VETA, na cheti kilitolewa na VETA yenyewe. Mpango huo haukuwa wa bure, lakini ulikuwa wa Kiswahili, ulikuwa na mwalimu wa kuonana naye, na cheti chake kilieleweka kwa mwajiri. Kwa mkazi wa Tunduma au Momba, mambo hayo matatu huenda yakawa na uzito kuliko kufutiwa ada.