Meli Iliyokosa Bandari

Akina mama wapendwa, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi, karatasi mkononi na mtoto mgongoni, akaambiwa, "Rudi kesho"? Na wengine wetu, kwa kazi tulizo nazo, tumeketi upande wa pili wa dirisha hilo na kuyasema maneno hayohayo. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo hili kwa kutazama kisa cha kweli cha meli moja ya abiria iliyovuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1939, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Katika miaka ile ya kati ya vita kuu mbili, mtu wa Ulaya aliyetaka kwenda Amerika alipanda meli kubwa. Meli hizo zilikuwa kama mji unaoelea. Zilikuwa na vyumba vya kulala, kumbi za kulia chakula, muziki, na mamia ya mabaharia na wahudumu waliofanya kazi usiku na mchana. Mojawapo ilikuwa meli ya Kijerumani iliyoitwa St. Louis. Tarehe 13 Mei 1939 iling'oa nanga Hamburg kuelekea Havana, Cuba, ikiwa na abiria 937. Karibu wote walikuwa Wayahudi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto wengi.

Hawakuwa watalii, bali watu waliokimbia. Novemba 1938, huko Ujerumani, masinagogi yalichomwa moto, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na wanaume maelfu wakatiwa katika kambi za mateso. Baadhi yao waliachiliwa kwa sharti la kuondoka nchini. Kila msafiri aliruhusiwa kutoka na marki 10 tu za fedha taslimu. Nauli ya daraja la kwanza ilikuwa marki 800, na ya daraja la watalii marki 600. Juu ya hizo walitozwa marki 230 zaidi, akiba ya kurudi iwapo safari ingeshindikana. Hebu fikiri, mama mwenzetu: umeuza kila kitu upate kutoka, na bado unalipishwa nauli ya kurudi kule unakokukimbia!

Nia yao ilikuwa kukaa Cuba kwa muda tu, huku wakingoja zamu yao ya kuingia Marekani. Wengi walikuwa na vibali vya kushukia Havana, vilivyotolewa na mkuu wa uhamiaji wa Cuba, ambaye alijulikana kwa kuviuza. Lakini tarehe 5 Mei, siku nane kabla ya meli kuondoka, serikali ya Cuba ilitoa amri ya kuvibatilisha vibali vya namna hiyo. Abiria wengi walipanda meli wakiwa na karatasi iliyokwisha kufa, nao hawakujua.

NAHODHA NA WATU WAKE

Nahodha wa meli aliitwa Gustav Schröder, mtu wa miaka 53 aliyekuwa baharini tangu ujana wake. Alikuwa Mjerumani, meli ilikuwa ya kampuni ya Kijerumani, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo wanachama wa chama cha Nazi. Hata hivyo aliwaamuru wahudumu wawatendee abiria hawa kwa heshima ileile wanayopewa abiria wengine wote. Chakula kiliandaliwa vizuri, muziki ukapigwa, watoto wakafundishwa kuogelea. Aliwaruhusu wafanye ibada zao za Ijumaa jioni, na picha ya Hitler iliyokuwa ukumbini ikaondolewa wakati wa ibada.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni madogo. Sisi tulio wauguzi tunajua kuwa si madogo. Mgonjwa aliyezoea kupigiwa kelele, siku anapoitwa "mama" au "baba" kwa sauti ya upole, huketi wima kitandani. Watu waliokuwa wamekatazwa kukaa kwenye viti vya bustani za mji wao wenyewe, sasa walikuwa wakivutiwa kiti mezani na mhudumu. Hiyo nayo ni dawa, ingawa haiandikwi kwenye cheti.

HAVANA

Tarehe 27 Mei meli iliingia bandari ya Havana, lakini haikuruhusiwa kufunga gatini. Abiria 28 tu, wenye karatasi zilizokubalika, waliteremshwa. Waliobaki waliambiwa wangoje. Jamaa zao waliotangulia Cuba walikodi mashua ndogo wakaizunguka meli. Walikuwamo akina baba waliowapungia mikono wake zao na watoto kutoka chini, wasiweze hata kuwagusa. Siku zilipita hivyo, moja baada ya nyingine, katika joto.

Abiria mmoja, mwanamume aliyekuwa na mke na watoto mlemle melini, alikata tamaa akajidhuru na kujitupa majini. Baharia mmoja alijirusha nyuma yake akamwokoa. Alipelekwa hospitali ya Havana akanusurika, lakini mkewe na watoto hawakuruhusiwa kushuka wakae naye. Tulipokisoma kipande hiki tulikiweka kitabu chini kwanza. Katika wodi zetu tumezoea kumwambia mke, "Kaa hapa, mshike mkono." Mama yule alikuwa akiiona paa za mji alimolazwa mumewe, naye hakuweza kuvuka maji yale machache.

Baada ya hapo nahodha na kamati ya abiria walipanga zamu za kulinda sitaha usiku, asije mtu mwingine akafanya vilevile.

Mazungumzo juu ya dhamana ya fedha kati ya Rais wa Cuba na shirika la Kiyahudi la misaada kutoka Marekani yalivunjika. Tarehe 2 Juni meli iliamriwa itoke. Nahodha aliielekeza kaskazini, akaizungusha polepole karibu na pwani ya Florida ili kununua muda. Usiku abiria waliziona taa za Miami. Walimpelekea simu ya maandishi Rais Roosevelt, naye hakuwajibu. Jibu lililotoka kwa maofisa lilikuwa kwamba wangoje zamu yao katika orodha. Sheria ya Marekani iliruhusu watu 27,370 tu kwa mwaka kutoka Ujerumani na Austria, na orodha ilikuwa imekwisha kujaa. Kanada nayo haikuwapokea. Tarehe 6 Juni meli ikageuka kurudi Ulaya.

Husimuliwa kwamba katika siku hizo watoto walibuni mchezo sitahani. Wawili walipanga viti kama kizuizi wakajifanya walinzi, na wenzao wakaja kuomba kupita. Aliyekiri kuwa ni Myahudi alikataliwa, na mtoto mmoja akajitetea kwamba yeye ni Myahudi mdogo tu. Akina mama, hakuna mtoto asiyesikia. Sisi wazazi hudhani tukinong'ona chumbani watoto wamelala, kumbe kesho yake utayakuta yote kwenye mchezo wao.

DIRISHA LETU

Sasa tueleze kwa nini kisa hiki kimetushika. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa zamu ya jioni kwenye kituo kimoja cha afya, alifika mama kijana akiwa na mtoto wa miezi minane. Alitoka mbali, amevaa ndala zilizokatika, na mtoto alikuwa akihara.

"Shikamoo, nesi," alisema.

"Marahaba. Kadi ya mtoto iko wapi?"

"Nimeiacha kwa mama mkwe, nesi. Tumeondoka usiku."

Kwa nini aliondoka usiku, hatukumwuliza. Foleni ilikuwa ndefu, tulikuwa wawili tu, na siku hizo tulikuwa tumekaripiwa kwa kupokea watoto wasio na kadi. Tulimwambia akailete kadi kwanza. Hatukumtukana wala kumfokea. Tulimwambia kwa adabu kabisa, naye akaitikia, "Haya, asante," akaondoka.

Alirudi siku ya pili yake akiwa amebebwa kwenye baiskeli ya jirani. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiibana hairudi. Tulihangaika naye usiku kucha, mmoja akitafuta mshipa na mwingine akimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mungu alituhurumia, mtoto akapona. Lakini mama yule hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Ni baadaye tulipojua kwamba alikuwa amefukuzwa nyumbani usiku ule, na kadi ilibaki ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli.

Hatusemi kwamba kosa letu ni sawa na la serikali zile. Lakini maneno yalifanana: ngoja zamu yako, lete karatasi kwanza. Wala hatusemi kanuni ni mbaya. Kadi ya mtoto ina faida kubwa, na sisi ndio tunaoihubiri kila kliniki. Ubaya ni pale tunapoitazama karatasi mpaka tunasahau kumtazama mwenye kuishika, na kumwuliza swali dogo: "Mama, kumetokea nini?"

NAHODHA ALIFANYA NINI?

Nahodha Schröder hakuwa na uwezo wa kutoa viza. Alikuwa mwajiriwa kama sisi, mwenye wakubwa juu yake na wapelelezi chini yake. Lakini tukiyapima matendo yake tunaona mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya.

Kwanza, aliwaheshimu watu ambao wengine hawakuwaheshimu. Heshima haihitaji kibali cha mkubwa wa kazi.

Pili, alifanya kazi pamoja na kamati ya abiria badala ya kuwaficha hali yao. Mgonjwa anayeambiwa ukweli kwa upole huvumilia kuliko yule anayedanganywa.

Tatu, alinunua muda. Aliposhindwa kufungua mlango, alikataa kuondoka upesi mlangoni. Mara ngapi sisi tunaposema "haiwezekani" tungeweza kusema "keti hapo kidogo, nimwulize daktari wa zamu"?

Nne, aliendelea kutafuta njia nyingine. Alikuwa hata na mpango wa kuipandisha meli mwambani kwenye pwani ya Uingereza, ili abiria waokolewe huko wasirudishwe Ujerumani. Haikumlazimu. Meli ikiwa njiani, lile shirika la misaada liliweka dhamana ya fedha, na nchi nne zikakubali kuwagawana. Tarehe 17 Juni 1939 St. Louis ilifunga gati Antwerp, Ubelgiji. Uingereza ilichukua 288, Ufaransa 224, Ubelgiji 214 na Uholanzi 181. Hakuna aliyerudishwa Hamburg siku ile.

Laiti kisa kingeishia hapo! Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalizivamia Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Wale wa Uingereza walinusurika isipokuwa mmoja aliyeuawa na bomu. Baadhi ya waliokuwa bara walikuwa wamekwisha kuhama, lakini 532 walinaswa. Kati yao 278 waliishi mpaka mwisho wa vita, na 254 wakafa. Walikuwa wameziona taa za Miami kwa macho yao.

Nahodha alifariki mwaka 1959. Mwaka 1993 taifa la Israeli, kupitia taasisi yake ya kumbukumbu ya Yad Vashem, lilimhesabu miongoni mwa watu wa mataifa waliowatendea haki Wayahudi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa Kanada aliomba radhi bungeni kwa niaba ya nchi yake. Ni vema kuomba radhi, ijapokuwa miaka 79 ni mingi kwa mtu anayengoja mlangoni.

MEZANI KWETU

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna meli wala mamlaka ya viza, lakini kila mmoja wetu ana dirisha lake. Yupo mwenye dirisha la duka, mwenye ofisi ya shule, mwenye kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa. Yupo mwenye mlango wa nyumba tu, unaobishwa saa tatu za usiku na mke wa jirani mwenye jicho lililovimba. Hata katika umoja wetu wa akina mama kanisani tumewahi kumnyima mjane msaada kwa sababu hakulipa michango ya miezi mitatu. Tulikuwa na haki kwa mujibu wa kitabu. Je, tulimwuliza kwa nini hakulipa?

Tangu siku ile ya baiskeli, sisi tumejiwekea desturi. Kabla ya kumwambia mtu "hapana", tunamkalisha kwanza na kumwuliza swali moja. Mara nyingine jibu hubaki "hapana", kwa kuwa dawa hazipo au kazi si ya kituo chetu. Hapo tunamwandikia mahali pa kwenda, tunamwelekeza njia, na ikiwa ana mtoto tunampa maji ya kunywa kabla hajaondoka. Hatuwezi kumfungulia kila mtu bandari, lakini tusimwache aondoke bila kujua pa kuelekea.

Na yule mtoto? Mama yake alihamia kwa dada yake, si mbali na kituo chetu. Mwaka jana tulikutana naye sokoni akiwa na msichana mrefu mwenye sare ya shule. "Msalimie nesi," alisema mama. Msichana akatupa shikamoo, nasi tukaitikia kwa shida, kwa maana koo lilikuwa limekaza.

Akina mama, mwezi huu kila mmoja wetu alitazame dirisha lake. Nani anasimama mbele yake sasa hivi?