Mama Lishe Nje ya Geti

Wanafunzi wangu huingia darasani asubuhi na soda na pakiti ya biskuti. Wakubwa huwaita wavivu wa kupika. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall waliwalisha watu wazima 20 vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili. Walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa chakula cha kawaida, wakanenepa. Mafuta hayo yakilundikana tumboni huchochea mchochota wa chinichini mwilini, usio na maumivu, unaoandaa njia ya kisukari.

Chuoni kwetu duka la soda limo ndani. Mama lishe mwenye maharage amefukuzwa getini. Ninyi mnaosaini mikataba ya maduka ya vyuo, mrudisheni.