Usalama wa Mtaa Uanze kwa Wakazi

Tangu Nyumba Kumi ianzishwe mwaka 2013, mwananchi amehimizwa kupasha habari. Ni mara chache ameulizwa uhalifu upi unaomtesa. Mama anayerauka kwenda sokoni huhofia kichochoro kisicho na taa na wanyang'anyi wanaomvizia. Msako ukija, vijana hukamatwa ovyo. Hali Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 yataka polisi na jamii watambue matatizo pamoja, kwa uwazi na uwajibikaji.

Twadai baraza liitishwe, wakazi waamue lipi litangulie, na mkuu wa kituo arudi kutoa hesabu. Waumini na wanaharakati, hudhurieni, mseme bila woga. Mlinzi asiyemwuliza mwenye nyumba hulinda nini?