Kijana bila karte si muasi

Ndugu na dada wa Goma, Bukavu, Uvira na Butembo, na ninyi wenye mko leo Nakivale ao Rugombo,

Siku hizi tumeongea sana kati yetu juu ya kitu kidogo chenye kinaingia mfukoni: karte.

Sisi Wakongomani hatuna kitambulisho cha taifa tangu miaka mingi. Karte ya kuchagulia njo tunaonyesha kila mahali. Juni 2023 Raisi wa Jamhuri alipokea kitambulisho cha kwanza mbele ya kamera, na 2024 mkataba wa kuvitengeneza ukavunjwa. Yeye alipata chake, sisi tunangojea.

Mwanzo wa 2023, wakati CENI iliandikisha watu, vita ilikuwa tayari Masisi na Rutshuru. Desemba ya mwaka ule maeneo hayo mawili hayakuchagua. Fanya basi hesabu. Mtoto wa Rutshuru mwenye alikimbia 2022 akiwa na miaka 15, leo ni mtu mzima. Hakuandikwa popote. Buleteni yake ya shule ilibaki nyumbani, ao iliungua pamoja na nyumba. Anafika kwenye barieri, mwenye bunduki anamuuliza: karte iko wapi? Hana. Pale pale anakuwa mtu wa upande mwingine.

Na tusidanganyane: hiyo si kazi ya upande mmoja. Kila mwenye silaha huku kwetu anamuona kijana bila karatasi kama adui, ao kama mtu wa kumutia kwa jeshi lake kwa nguvu.

Wengi wao waliishi kambini kando ya Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwakuta ndani ya hema huko Lac Vert na Mugunga, watoto wakafa. Februari 2025, kisha M23 kukamata mji, waliambiwa waondoke kwa siku chache. Kambi zikabomolewa. Kuna wenye walirudi kwenye nyumba bila mabati, wengine wanalala watu kumi kwa chumba kimoja hapa mjini. Kwa sababu hawaonekani tena chini ya mahema, watu wanafikiri wahami walikwisha. Hapana. Wako kwa avenue yako.

Mmoja wetu alitoka huko. Alipoomba kuingia mwaka wa tano wa sekondari, prefe alidai buleteni. Hakuwa nayo. Akarudishwa madarasa mawili nyuma, akakaa benchi moja na watoto wa miaka 13. Alivumilia miezi miwili tu. Elimu ya bure yenye ilianza 2019 ni ya shule za msingi; sekondari ni minervali, na mwenye alikimbia na nguo moja mwilini ataitoa wapi? Sasa anasukuma chukudu. Si aibu, chukudu inalisha watu. Lakini alitaka kuwa muuguzi.

Kuna pia neno lenye halitapendeza wote kati yetu. Wakati Bukavu ilianguka, Februari 2025, maelfu ya watu wetu walivuka Ruzizi, wengine kwa kuogelea, na kuna wenye mto uliwachukua. Walilala uwanja wa mpira wa Rugombo. Burundi ni nchi masikini kama sisi, lakini iliwapokea. Na sisi? Tangu 2015 Warundi walikimbilia kwetu, wako Lusenda, kule Fizi. Kuna watoto wao wenye walikuja wakibebwa mgongoni na leo wanaongea Kiswahili chetu kutushinda. Bado tunawaita wapelelezi kila vita ikisogea. Tunakasirika kusikia Mukongomani anatukanwa ng'ambo, kiisha tunamutukana Murundi sokoni. Sheria yetu wenyewe ya 2002 juu ya wakimbizi inawalinda. Ni nani kati yetu alishaisoma?

Hatuombi unga hapa. Tunaomba karatasi. Wizara ya elimu iruhusu shule zimupime muanafunzi mwenye alipoteza buleteni, kwa jaribio la siku moja, na kumuweka kwa darasa lake. Popote watu wetu wako, hata ng'ambo, leta itume watu wa kuwaandikisha vijana wenye walifikisha 18 kisha 2023. Na wenye wanashika barieri, kwa majina yote wanajiita: kukosa karte si kosa la kumufunga mtu.

Wewe mwenye unasoma hii kwa simu, kama kwa parsela yenu kuna kijana wa namna hii, tafuta kundi letu la mtaa wako. Tunaanza orodha ya wenye walikosa kusoma mwaka huu, tuipeleke kwa wakubwa wa elimu mbele ya Septemba. Andika jina lake tu kama yeye mwenyewe anakubali. Orodha haitabandikwa wala kutumwa WhatsApp. Tunajua majina yanaweza kufika kwa mikono gani.