Tuwahesabu Tangu Mlangoni

Msimu wa mahafali ukiwadia, nyumba zetu hupambwa kama nyumba za arusi. Joho hupigwa pasi, halua huagizwa, na vigelegele hupasua mtaa. Mtoto ana haki ya kupongezwa na mama yake ana haki ya kulia. Lakini orodha isomwayo siku ile ni ya waliofika. Wale walioanza safari pamoja nao, wakapewa nambari za usajili na vitanda vya bweni, kisha wakapotea njiani, hakuna awatajaye. Na miongoni mwao wamo binti zetu.

Chuo cha umma huendeshwa kwa kodi yetu, nacho chastahili kupimwa kwa hao pia. Haitoshi kuwahesabu waliohitimu mwaka huu na kuwalinganisha na wanafunzi wote waliomo chuoni, kwa kuwa wahitimu hao waliingia miaka minne au mitano nyuma, pengine chuo kikiwa kidogo kuliko kilivyo leo. Hapana budi lichukuliwe kundi moja lililoingia mwaka mmoja, lifuatwe. Wangapi walirejea mwaka wa pili? Wangapi walihitimu? Na baada ya miaka mingapi?

Wamarekani walilitungia sheria jambo hili mwaka 1990. Chuo ambacho wanafunzi wake husaidiwa karo na serikali kuu sharti kitangaze ni wangapi waliohitimu katika wale walioingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote. Hupewa muda wa kawaida na nusu yake, kwa hivyo shahada ya miaka minne huhesabiwa hadi mwaka wa sita. Katika walioanza mwaka 2014 kwenye vyuo vya umma vya miaka minne, asilimia 63 walihitimu hapo hapo walipoanzia. Tukijumlisha na vyuo vya binafsi, walihitimu asilimia 67 ya wanawake na asilimia 60 ya wanaume. Hata nchi yenye mali nyingi kiasi kile, katika kila wanafunzi 10, zaidi ya watatu hawakumaliza pale walipoanzia.

Hata hivyo, tazama, msomaji mpenzi, nani kaachwa nje ya hesabu hiyo. Asomaye nusu ya masomo kwa sababu ana kazi au ana mtoto mchanga hakuwamo kabisa. Aliyehamia chuo kingine akahitimu huko, chuo chake cha kwanza humwandika kuwa hakuhitimu. Sheria huruhusu kuwaondoa katika hesabu waliofariki, waliopata ulemavu wa kudumu, waliojiunga na jeshi, waliotumwa na serikali kutoa misaada nchi za nje, na hata waliotumwa na kanisa lao kueneza dini. Aliyekwenda kujifungua hamo katika orodha ya wenye udhuru. Asiporudi kwa wakati, huwa ni mmoja wa walioshindwa. Nadhani kanuni hiyo ingeandikwa na wanawake, ingekuwa na mstari mmoja zaidi. Tangu mwaka wa masomo wa 2015/2016 serikali yao hukusanya pia hesabu za wasomao nusu ya masomo na za waliohamia kutoka vyuo vingine, na kuwafuata hadi mwaka wa nane. Ni afadhali, japo ilichukua robo karne.

Lakini hesabu ina faida gani kama haimrudishi mtu darasani? Jibu zuri nijualo latoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, mjini Atlanta, ambacho ni cha umma na chenye wanafunzi wengi wa familia za kipato cha chini. Mwaka 2003 walihitimu asilimia 32 tu ndani ya miaka sita. Wakuu wake walipowafuata wanafunzi mmoja mmoja, waligundua kwamba wengi waliofutwa kwa kutolipa karo hawakuwa dhaifu wa masomo. Walipungukiwa na fedha chache, na wengine walikuwa wamebakiza muhula mmoja au miwili. Mwaka 2011 chuo kilianza kuwafidia pengo hilo bila kungoja waombe. Wastani wa msaada haukufika dola 1,000. Pamoja na washauri walioonywa mapema mwanafunzi alipoanza kuyumba, kiwango kilipanda hadi asilimia 54 mnamo 2014. Kumbe tundu lilikuwa dogo kiasi kile.

Vyuo vikuu vya umma tulivyo navyo huku Pwani, kile cha Ufundi cha Mombasa ambacho wazee wetu hukikumbuka kwa jina la MIOME, cha Pwani kule Kilifi, na cha Taita Taveta, navyo vina majina ya kila aliyeingia na ya kila aliyetoka. Mzazi ampelekaye binti huuliza karo, bweni na usalama wa njia. Na aulize pia: katika wasichana walioingia kozi hii miaka mitano iliyopita, wangapi wamehitimu, na waliotoka walitoka muhula gani? Wakitoka mwaka wa kwanza, huenda ni upweke au kozi isiyomfaa. Wakitoka mwaka wa tatu, aghalabu ni karo au ndoa.

Na ikiwa ni ndoa au uzazi, wazee wa pande zote mbili wamsaidie jambo moja kabla hajafunga sanduku: aandike barua ya kuahirisha masomo, apate jibu la chuo kwa maandishi, na nakala yake iwekwe pamoja na cheti cha ndoa. Aliyeahirisha ana mwaka wa kurejea. Aliyetoweka kimya kimya hufutwa, na akija baadaye na mtoto mgongoni, huambiwa aanze upya.