Sumaku Kwanza, Misumari Baadaye

Wapo watakaouliza mambo ya garimoshi yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jibu langu ni jepesi: jambo tusiloweza kulieleza kwa Kiswahili hatujalielewa bado.

Kama mjuavyo, wenzetu wa klabu ya sayansi wanajenga reli ndogo ya mfano juu ya mbao za plaiwudi, nami ni mmoja wao. Hapa Nchiru, na Meru nzima, hatuna reli. Kituo kilicho karibu nasi ni Nanyuki, upande ule mwingine wa Mlima Kenya, mwisho wa njia itokayo Nairobi kupitia Thika, Sagana na Karatina. Kwa hivyo wengi wetu reli hii ya mbao ndiyo ya kwanza kuiona kwa macho.

Sasa kuna mvutano. Je, mabehewa yaachanishwe wapi? Kundi la kwanza linasema, "Tupigilieni reli misumari sasa hivi, sumaku tutazitia palipobaki nafasi." Kundi la pili linasema, "Sumaku za nini? Mikono tunayo!" Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili, na nitatoa sababu zangu.

Hebu kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kulabu za mabehewa yetu ni za aina iliyoletwa na kampuni ya Marekani iitwayo Kadee, ya ndugu wawili, Keith na Dale Edwards. Chini ya kila kulabu huning'inia kiwaya cha chuma. Viwaya viwili vikisimama juu ya sumaku iliyo katikati ya reli, huvutwa kimoja huku na kingine kule, na kulabu zikafunguka. Lakini sharti mnyororo wa mabehewa uwe umelegea. Injini ikiwa inavuta kwa nguvu, kulabu hukazana na hazifunguki ng'o!

Kutokana na hayo tunapata kanuni tatu. Ya kwanza, tusiweke sumaku ya kudumu kwenye njia kuu. Garimoshi likipunguza mwendo hapo, mabehewa yatalegea na treni itakatika vipande viwili mbele ya waamuzi. Aibu iliyoje! Ikiwa ni lazima, basi pawekwe sumaku ya umeme yenye kitufe, iwake tunapotaka sisi.

Ya pili, sumaku ikae mahali paliponyooka. Kwenye kona kulabu huenda upande, na viwaya havikai sawasawa juu ya sumaku. Mimi napendekeza tuache urefu wa behewa letu refu kabisa, mbele na nyuma, kabla ya kona kuanza.

Ya tatu ndiyo yenye utamu. Kulabu hizi zikishafunguka, injini inaweza kurudi nyuma kidogo kisha ikasukuma behewa bila kulishika tena, mpaka popote tunapotaka kuliacha. Maana yake ni kwamba hatuhitaji sumaku katika kila njia ya pembeni. Moja tu, ikiwekwa kabla ya reli kuanza kugawanyika, itahudumia njia zote tatu. Mwenye kuweka hazina ya klabu, umesikia hapo?

Lakini lazima vipimo viwe sawa. Mfano tunaoiga ni ule wa Mwingereza Alan Wright, uitwao Inglenook: njia moja ya mabehewa 5, na mbili za mabehewa 3 kila moja. Mchezo ni kuchagua mabehewa 5 kati ya 8 na kuyapanga kwa mfuatano uliotajwa. Walimu wa hesabu watatuambia kuwa kuna mifuatano 6,720, kwa hivyo hakuna atakayechoka upesi. Basi, kutoka kwenye sumaku mpaka mwisho wa reli lazima injini na mabehewa 3 yaenee. Tukipigilia reli kwanza na kutafuta nafasi ya sumaku baadaye, urefu huo utapungua na mchezo wote utaharibika. Isitoshe, sumaku ya kufichwa chini ya reli huchimbiwa shimo kwenye mbao. Nani atachimba shimo chini ya reli iliyokwisha kupigiliwa na kumwagiwa gundi na kokoto? Maji yakimwagika hayazoleki.

Nalirudia kundi la mikono. Nawapa haki yao: ukingoni mwa ubao, kijiti chembamba kama cha mishikaki kikizungushwa kati ya kulabu hufanya kazi vizuri, tena bei yake ni ya chini. Lakini kule nyuma, karibu na ukuta, kiwiko cha anayejinyoosha kitaangusha stesheni nzima. Kijiti kikae mbele, sumaku zikae nyuma.

Tena jamani, jambo hili si mchezo mtupu. Katika reli za Marekani za zamani, mfanyakazi aliingia katikati ya mabehewa ili kuyaunganisha kwa mkono, na wengi walipoteza vidole, mikono, hata maisha. Eli Janney alipata hataza ya kulabu ya kujifunga yenyewe mwaka wa 1873, lakini ilikuwa mpaka mwaka wa 1893 ndipo sheria ikalazimisha kampuni za reli kutumia kulabu za namna hiyo. Miaka 20! Mtu akipanga vibaya mezani, mwingine huumia relini.

Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka wa 2012, una reli ya kupitia Isiolo, jirani zetu. Siku itakapojengwa, kwa nini wapangaji wasitoke miongoni mwetu?

Kwa hivyo naomba hivi: Jumamosi moja tu, tuchore reli yote kwa chaki juu ya ubao, tusukume mabehewa kwa mkono, tutie alama kila yanapoachana, ndipo tuchimbe mashimo. Nyundo ingoje.

Shime, wenzangu!