MOYO WA MASHUA UWE MBAO, SI POVU

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyonena wahenga wetu. Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, methali hii imenijia kwa sababu ya mjadala uliozuka kati ya wenzetu wa Chama cha Sayansi. Wanataka kuunda mashua ndogo ya kupimia kina cha bwawa lililoko bondeni, chini ya mashamba ya majani chai. Wazo ni zuri, nawapongeza. Shida ni kwamba wamegawanyika. Kundi moja lataka moyo wa mashua uwe povu gumu la plastiki, jingine lataka mbao. Mimi niko upande wa mbao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuelewane, moyo wa mashua ni nini? Mashua nyingi za siku hizi huundwa kama sandwichi. Katikati huwekwa kitu chepesi, kisha ndani na nje hufunikwa kwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa gundi. Somo la fizikia latufundisha kwamba ubao ukiongezwa unene mara 2, ugumu wake wa kutopinda huongezeka mara 8. Basi kazi ya moyo ni kuleta unene bila kuleta uzito.

Hapo watu wa povu hupiga makofi. Ati povu la mashua lina kilo 60 hadi 80 hivi kwa mita moja ya ujazo, na saiprasi ina kama 450. Ni kweli, sikatai. Tena povu halliozi. Lakini hebu tuulizane, povu lipi? Sponji ya godoro hufyonza maji kama kitambaa cha kupangusia ubao. Lile povu jeupe linalofungiwa televisheni nalo huyeyuka likipakwa gundi ya poliesta, ile ya bei nafuu. Povu la mashua hasa, ambalo vijumba vyake vimezibwa visipitishe maji, itabidi liagizwe mbali kwa pesa za wazazi. Wazazi wengi hapa huchuma majani chai na kulipwa kwa kilo. Je, mashua ikigonga jiwe na povu likapasuka, tutawarudia tena?

Saiprasi iko hapa hapa, misitu ya kupandwa ya Londiani inayo. Fundi wa milango na viti anaijua. Hupasuliwa vipande vyembamba, vikagandishwa ubavu kwa ubavu juu ya fremu, kisha vikafunikwa kwa faiba na gundi ya epoksi. Mashua ikiumia, fundi yuyo huyo ataitibu. Msidanganyike tu na mikaratusi kwa kuwa imejaa kila mahali. Hiyo ni mizito, na ikikauka hupinda na kupasuka. Tuwaachie viwanda vya chai waichome kukaushia majani.

Wapo wanaosema mbao ni ushamba. Kwani hawajui kwamba ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na moyo wa mti wa balsa?

Wengine wanalilia misitu, na wana haki. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwaka 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Lakini mashua moja haihitaji msitu. Yahitaji mbao chache za mti uliopandwa ili uvunwe, nasi tupande mingine.

Tutazame Lamu. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara 30,000 hivi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mtasema, si hiyo ni plastiki? Naam, lakini ilikuwa taka iliyowazunguka, na waliifanyia kazi kwa ujuzi wao wa kuunda majahazi ya mbao. Walianza na walichokuwa nacho na walichokijua. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Hata hivyo, mbao zina masharti. Zikaushwe vizuri, maana mvumbika changa hula mbovu. Kila tundu la msumari lizibwe kwa epoksi, kwa sababu maji yakipenya, mbao huoza kimyakimya chini ya faiba hadi siku mguu utakapotumbukia. Chini ya viti tufunge mitungi mitupu ya plastiki iliyozibwa, ili mashua ikijaa maji isizame. Na kila anayepanda avae jaketi la kuokolea. Sisi wa nyanda za juu wengi wetu hatujui kuogelea, na bwawa halina huruma.

Wenzetu wa Sayansi, usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi kwenu.